Mataruma Arobaini

Gurudumu la treni halinyamazi. Muulize mtu yeyote anayekaa karibu na reli, iwe Yombo au Vingunguti, atakwambia kelele ile ilishaingia kwenye usingizi wake na siku akiikosa anaamka. Chuma kikipita juu ya chuma lazima kiseme. Basi Sekela, Jumatatu ya kwanza ya Februari, alipokaa ofisini kwake karakanani, akavaa spika za masikioni, akasikia magurudumu ya behewa la kwanza yakinyamaza sekunde tatu nzima halafu yakaendelea na makelele yake kama kawaida, alidhani waya umelegea. Angekuwa mvivu angeachana nalo. Hakuwa mvivu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kazi yake ilikuwa mpya hata kwa kampuni yenyewe, ambayo jina lake tuliache. Walikuwa wamefunga vihisi kwenye magurudumu ya mabehewa ya treni ya abiria, vidude vidogo kama kipande cha sabuni. Kimoja kinasikiliza mtikisiko, kingine kinapima kwa mwanga nafasi iliyopo kati ya gurudumu na reli. Mafundi waliviita masikio. Masikio yalituma kila kitu kwenye kompyuta ya Sekela, na yeye, binti wa Tukuyu aliyesomea mitambo, alitazama wapi reli imechakaa na wapi gurudumu limeanza kuliwa, kabla watu hawajaumia. Ile nafasi inatakiwa iwe sifuri siku zote. Gurudumu likiachana na reli, hiyo ni ajali.

Siku hiyo, kilomita ya kumi na moja, nyuma ya maghala, kompyuta ilisema milimita tisa. Kwa urefu wa mataruma arobaini, yale mapande yanayolala chini ya reli kuishikilia, kila gurudumu lililofika pale lilipita hewani, kisha likashushwa taratibu upande wa pili. Treni yenye watu mia sita, saa sita na nusu mchana, jua la utosi. Na aliyekuwa akiiendesha ni mume wake.

Didas alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole kuliko mwili wake ulivyo, na aliipenda kazi ya treni kwa namna ambayo Sekela aliionea wivu mwanzoni mwa ndoa. Madereva wa bohari yao, pale treni zinapolala, wana desturi yao. Dereva anayemaliza hakabidhi treni mpaka aulize kwa sauti, "Zamu ya nani?" na anayeingia ajibu, "Yangu, napokea," ndipo anapewa ufunguo. Didas alikuwa ameijibu mara nyingi mno mpaka imemwingia kwenye damu. Jumapili mchana, akijilaza baada ya kanisa, Sekela alikuwa akimchokoza. Anainama sikioni kwake, ananong'ona, "Zamu ya nani?" na Didas, macho yamefumba, anakoroma, anajibu, "Yangu, napokea." Sekela anacheka mpaka machozi yanamtoka. Walikuwa na vyumba viwili Mbagala, miaka miwili ya ndoa, na mchezo huo.

"Kifaa kibovu hicho," alisema Godlisten, mkuu wake wa kazi, bila kuinua macho. "Badilisha."

Alibadilisha. Milimita tisa. Akabadilisha na cha gurudumu la pili, na cha la tatu. Tisa. Ndipo akamfuata Anselmo, mkaguzi wa njia, wakaenda wenyewe kwa miguu.

Kufika pale Sekela aliona kitu ambacho hakihitaji kompyuta. Reli inayopitwa na treni huwa inang'aa juu, magurudumu yanaisugua kutwa kucha. Huku ilikuwa inang'aa, na kule mbele ilikuwa inang'aa. Katikati, mataruma arobaini, ilikuwa na kutu. Kutu nene, nyekundu, ya chuma ambacho hakijaguswa miaka. Konokono alikuwa amepita juu ya reli na kuacha njia yake imekauka, na buibui amefunga utando kutoka reli hadi kwenye kokoto. Treni kumi na sita zilipita pale kila siku.

"Anselmo," alisema, "hii hukuiona?"

Anselmo alisogea karibu, akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu. "Sista, mie nakagua njia hii mwaka wa saba. Hapa nilikuwaga napita haraka. Ningeandika nini kwenye ripoti? Kwamba treni haikanyagi?"

Palinuka udi. Udi, na jasho, na chuma kilicholoa maji, na hapakuwa na nyumba karibu.

*

Angeweza kuzoea. Watu wa Dar wanazoea kila kitu. Lakini namba zilianza kushuka.

Katikati ya Machi ilikuwa saba. Wiki iliyofuata, tano na nusu. Godlisten alifurahi kweli kweli. Aliandika kwenye ripoti kwamba hali inaimarika, kwamba kasoro ya kilomita ya kumi na moja inakaribia kwisha. Na ukitazama kwa macho yake, ni kweli. Namba ilikuwa inarudi kwenye sifuri yake ya halali. Sekela alikaa na ripoti ile mkononi, akaisoma mara mbili, bila furaha.

Akarudi kwenye sauti. Alizisikiliza zile sekunde tatu za kimya, sauti ameifungua mpaka mwisho, siku baada ya siku kwa mpangilio wa tarehe. Za Februari zilikuwa kimya kitupu. Za mwanzo wa Machi zilikuwa na kitu cha mbali, kama upepo. Za mwisho wa Machi hazikuwa upepo. Kulikuwa na mtu anahema, anahema kama kuli anayepandisha gunia ghorofa ya nne na bado hajafika, pumzi inaingia kwa kukwaruza na kutoka kwa kuguna. Sekela alivua spika, akazifunika kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka fundi mmoja alipomuuliza kama anaumwa.

Jioni alimuuliza Didas, kwa sauti ndogo, wakiwa wanakula.

"Pale nyuma ya maghala huwa unasikia kitu?"

Didas alimega tonge, hakulitia mdomoni. "Kuna harufu inaingia kwenye kibanda changu. Jasho la mtu. Nilidhani ni mie."

"Na zamani?"

"Zamani ilikuwa udi tu," alisema. "Jasho limeanza mwezi huu."

*

Anselmo ndiye aliyempeleka kwa Bi Nawal. Bibi huyo alikuwa na duka la viungo Temeke, kwenye nyumba ya ukoo wao, watu wa asili ya Kiarabu walioishi mtaa ule tangu haujawa na lami. Baba yake, marehemu Muhdhar, alikuwa nyapara wa genge la njia, wale wanaume waliokuwa wakitengeneza reli kwa mikono. Sekela aliingia akiwa na wasiwasi wa mtoto wa Kimoravian aliyefundishwa kuwa mambo hayo hayaulizwi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Anselmo kaniambia una namba. Ngapi sasa hivi?"

"Nne, bibi."

Bi Nawal aliacha kupima iliki. Alifunga mlango wa duka nusu, akaketi juu ya gunia.

"Pale chini pana nyumba ya mtu," alisema. "Si mtu kama mie na wewe. Walipopitisha reli hawakumuuliza. Siku za mwanzo lilipita behewa moja la mkonge, limebeba watu watatu, halikuonekana upande wa pili mpaka asubuhi ya siku ya pili. Likakutwa limesimama palepale, zima, milango imefungwa kwa ndani. Watu hawamo. Vimo viatu vyao, jozi tatu, vimepangwa mlangoni kama vya msikitini."

Sekela alikuwa ameshika pindo la gauni lake.

"Baba akazungumza naye. Wakapatana. Genge likifika pale na kiberenge chao, lile gari dogo la reli, hawapiti juu ya nyumba yake. Wanavua viatu, wanakibeba kiberenge mabegani, mataruma arobaini, mabegani wameweka ngata za magunia. Na treni, kwa kuwa binadamu hatuwezi kuibeba, ataibeba yeye. Lakini kwa kupokezana. Kila Ijumaa mchana genge linakwenda, yeye anauliza zamu ya nani, baba anajibu kwa niaba ya watu ishirini, na siku hiyo wao ndio wanaoubeba uzito wa treni miilini mwao, yeye anapumzika. Wakati huo treni zilikuwa mbili kwa wiki, mwanangu."

"Sasa ni kumi na sita kwa siku," Sekela alisema.

"Na genge lilivunjwa, ikaletwa mashine. Miaka kumi na tisa hakuna aliyekwenda kumpokea." Sauti ya Bi Nawal ilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa jini. "Watu watakwambia ni mbaya. Si mbaya. Amechoka. Amebeba peke yake, anatimiza ahadi ambayo sie tuliitupa, na namba zako hizo ni mikono yake inatetemeka. Siku ikifika sifuri, treni itamkanyaga kichwani kwake na kwa watoto wake. Hapo sijui. Behewa lile lilikuwa na watu watatu."

"Tufanye nini?"

"Tafuteni watu ishirini wa reli, wajibu pamoja. Mkishindwa, basi mpunguzieni. Watu washuke, watembee, treni ipite tupu. Na unisikilize vizuri. Akiuliza zamu ya nani, mtu asijibu peke yake. Mmoja akijibu, ni mmoja atakayebeba."

*

Watu ishirini hawakupatikana. Godlisten alimsikiliza dakika mbili, akavua miwani, akamuuliza kwa upole kabisa kama anataka amwandikie mkurugenzi kuomba vibarua ishirini wa kumpokea jini kazi. Akamshauri apumzike. Sekela alilia chooni, akanawa uso, akarudi kwenye kompyuta. Mbili na nusu.

Didas alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma Sekela zaidi, kwa sababu alikuwa anatarajia mumewe abishe, na kama angebisha angekuwa na mtu wa kugombana naye. Alimwomba asiende kazini, aseme anaumwa.

"Nikikaa nyumbani, ataendesha Projestus," Didas alisema. "Projestus ana watoto wanne, na mabehewa yatakuwa na watu walewale." Alikuwa akipiga pasi shati lake la kazi. "Nitasimamisha. Kabla ya pale nitasimamisha, nitawashusha."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze."

"Na akiuliza, usijibu. Didas, niangalie. Usijibu."

"Sitajibu, mama."

Alhamisi baada ya Pasaka namba ilikuwa sifuri nukta nane kwenye treni ya saa tano. Sekela alichukua kompyuta yake ya mkononi, akapanda bodaboda mpaka maghala, akasimama kando ya reli kwenye jua. Kutu ilikuwa imeanza kuchubuka juu, na mistari myembamba ya chuma cheupe ilionekana, kama ngozi iliyoparuzwa.

Saa sita na nusu treni ya Didas ilikuja, ikapunguza mwendo, ikasimama hatua chache kabla ya taruma la kwanza. Didas alishuka, akapita behewa moja moja akiwaambia watu kwamba njia ni mbovu, washuke, watembee mpaka pale kwenye nguzo. Mnawajua abiria wetu.

"Sasa hii treni au punda?" mama mmoja wa samaki alisema, ndoo kichwani. "Tukifika tutaambiwa tusukume."

"Shuka mama, nauli imejumlisha na mazoezi," kijana mmoja alimjibu, na watu wakacheka, na walishuka wakilalamika, mia sita hivi, wakapita pembeni kwa mstari mrefu. Wengine walikunja pua wakauliza nani anafukiza udi mchana wote huu. Watoto waliokuwa wanalia walinyamaza walipofika katikati, wote, na mama zao hawakuona ajabu.

Didas alivua viatu. Aliviweka chini kando ya reli, akamtazama mkewe, akapanda kibandani akiwa peku. Alikuwa amempigia Sekela simu na kuiacha wazi kando ya redio ya kibandani, ili amsikie. Kichwa cha treni kikasogea taratibu, behewa la kwanza likaingia kwenye mataruma, na namba ikasoma sifuri nukta saba, nukta sita, na behewa la pili likaingia, nukta nne, na sasa hakuhitaji spika za masikioni wala simu kwa sababu ile pumzi ilikuwa inatoka ardhini chini ya nyayo zake, inakwaruza, inaguna, na kokoto zilikuwa zinatetemeka moja moja kama mchele kwenye ungo, na behewa la tatu likaingia, nukta mbili, na harufu ya jasho ikawa nzito, na akaona, au alidhani ameona, reli yenyewe ikipinda kuelekea chini kwa upole kama mgongo wa mtu anayepiga goti, nukta moja, na behewa la nne, na wale watu mia sita upande wa pili wakawa wamenyamaza wote bila kuambiwa, na katika kimya hicho sauti ya mtu aliyechoka, sauti ya kawaida kabisa, isiyotisha, ya mwanaume anayetaka tu kwenda nyumbani kwake, ikauliza kutoka kwenye redio:

"Zamu ya nani?"

Na Didas, mume wake, ambaye alikuwa ameahidi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye reli na mikono kwenye breki na akili yake yote kwenye mabehewa sita, alijibu kama alivyojibu kila siku ya kazi kwa miaka kumi na moja.

"Yangu, napokea."

Namba iliruka. Milimita tisa.

Pumzi ya chini ilikatika. Ikaja pumzi moja ndefu ya kushusha mzigo, kama mtu anayekaa chini baada ya safari, na udi ukatoweka, na treni ikapita juu ya mataruma yaliyobaki bila sauti yoyote, laini, ikasimama kwenye nguzo. Watu wakashangilia, wakagombania milango. Didas alipotoa kichwa dirishani alikuwa na rangi ya majivu.

"Nimejibu?" alimuuliza mkewe.

*

Kampuni ilimsimamisha Didas kazi miezi miwili kwa kusimamisha treni bila kibali. Godlisten naye, alipoona kilomita ya kumi na moja imerudi tisa, aliandika kwamba masikio yote ni mabovu, yakafunguliwa, yakawekwa kwenye boksi. Sekela akahamishiwa stoo.

Kwa hiyo Didas alikuwa nyumbani Mbagala wakati wa treni ya kwanza ya asubuhi. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Saa kumi na mbili na dakika tano mkono wake ulisimama njiani, mishipa ya shingo ikatoka, magoti yakakunjika kidogo, na kwa sekunde kumi na tano, muda wa mabehewa sita kupita mahali, hakupumua. Kisha akapumua. Akanywa chai. Sekela alitazama saa. Alikuwa na ratiba yote kichwani. Saa moja kasoro kumi Didas akafanya hivyo tena.

Mara kumi na sita kwa siku. Alipovua shati kulikuwa na michirizi miwili ya damu iliyovilia, mmoja kila bega, imenyooka, upana wa reli. Sekela aliikanda kwa maji ya moto, akamwomba Mungu kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili. Mchungaji alikuja, akaomba kwa sauti, akasimamishwa katikati ya sala na treni ya saa kumi, akaondoka hajamaliza. Bi Nawal alikuja, akamshika Didas mkono, akalia.

"Yule wa kule chini atarudi lini?" Sekela alimuuliza mlangoni.

"Amebeba peke yake miaka kumi na tisa, mwanangu," alisema bibi. "Mwache alale."

Hakukuwa tena na kompyuta ya kumwambia namba. Alibaki na sikio lake. Kila treni ilipopita aliliweka kifuani kwa mumewe na kusikiliza. Wiki ya kwanza kulikuwa kimya. Wiki ya pili, kitu cha mbali, kama upepo. Wiki ya tatu alianza kuhema, na Sekela aliijua pumzi ile, alikuwa ameisikiliza kwa mpangilio wa tarehe.

Jumamosi ya wiki ya nne alipika wali na maharage. Walikuwa mezani, saa sita na nusu kasoro dakika mbili. Sekela aliinuka, akavua ndala zake, akazipanga mlangoni. Akachukua kanga mbili za harusi yao, akazisokota, akazizungusha zikawa ngata mbili nzuri, za kubebea maji, kama mama yake alivyomfundisha Tukuyu. Akaziweka mabegani kwake.

Didas alimwona, akatikisa kichwa. Alitaka kusema hapana. Treni ikafika. Mkono wake ukasimama juu ya sahani, shingo ikatutumka, na goti lake moja likagusa sakafu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nyuma ya maghala kule, watu mia sita. Mdomo wake ukafunguka, na swali lililotoka halikuwa kwa sauti yake, ilikuwa ile ya kwenye redio, imechoka vilevile.

"Zamu ya nani?"

Sekela aliinama sikioni kwake kama Jumapili.

"Yangu," alinong'ona. "Napokea."

Kijiko cha Didas kilianguka kwenye sahani. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza kwa wiki nne, akalala ubavu sakafuni, akapitiwa na usingizi palepale. Sekela alibaki amesimama, ameshika ukingo wa meza, meno ameyabana, anahesabu mabehewa. Yalipokwisha alijifuta jasho, akamfunika mumewe, akafunika wali. Treni iliyofuata ilikuwa saa saba na dakika kumi.